Eda katika Nyumba ya Suresh

Jumapili, 1 Oktoba 1972

Jana nimemwacha Zainab. Talaka moja. Naandika kwa sababu Mwalimu Abdulwakil kaniambia niandike tarehe. Daftari hili nimelikuta kiwandani, la mwaka jana, halikutumiwa na mtu. Siku zake haziendani na za mwaka huu, kwa hiyo nazikata na kuandika juu yake.

Ilikuwa hivi. Nimetoka kazini saa nane mchana, miguu imevimba kwa kusimama kwenye maji. Tunafua mashuka ya mahospitali. Nimepanda ngazi, jiko baridi, hakuna mtu. Nimeshuka dukani kwa Suresh, ambaye ndiye mwenye nyumba, na duka lake liko chini ya vyumba vyetu. Binti yangu Kulthum amekaa juu ya gunia la mchele anakula biskuti. Zainab yuko nyuma ya kaunta anapima dengu. Duka limejaa Wahindi waliofukuzwa Uganda, wengine hawana hata makoti, na Suresh kamwomba amsaidie. Mimi sikuulizwa.

Nikamwambia, "Panda juu."

Akasema, "Ngoja nimalize na huyu mama."

Mbele ya watu. Basi na mimi nikasema mbele ya watu. Nikasema, "Zainab, nimekuacha." Mahali pengine popote London maneno hayo yangepita na asingeyajua mtu. Pale dukani kila mmoja alitoka Kampala au Jinja. Kiswahili wanakijua wote. Mama aliyekuwa akipimiwa dengu alirudisha mfuko wake mkobani bila dengu.

Leo asubuhi nimekwenda Tooting kwa Mwalimu. Yeye ni karani wa reli, lakini sisi wa Unguja na Pemba tulioko huku ndiye anayetuoza na kutuzika. Kaniuliza, "Ngapi?" Nikamwambia moja. Akasema, "Afadhali. Asitoke nyumbani mpaka eda iishe, na usiingie chumbani kwake. Ukitaka kumrejea, tamka tu kabla eda haijaisha, hata ridhaa yake haihitajiwi. Ikiisha, wewe ni mtu baki kama mimi. Utamposa upya, na akitaka atakukataa. Eda unaijua?"

Nikasema naijua. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, na chuoni nilihitimu juzuu kumi. Mtu wa miaka arubaini haulizi eda ni nini. Ni miezi mitatu, kila mtu anajua. Nimehesabu siku tisini. Mwisho ni tarehe 28 Desemba.

Nitamrejea. Lakini si kesho. Acha aionje kwanza. Nitamrejea siku ya themanini na tisa.

Jumanne, 3 Oktoba. Siku ya 4.

Zainab analala chumba cha mbele na mtoto. Mimi nimelala chumba kidogo, chini, pembeni ya cherehani. Amebandika karatasi ukutani jikoni. Kwa herufi kubwa kaandika kazi zangu: kumchukua mtoto skuli saa tisa na nusu, kupika Jumatatu hadi Ijumaa, mafuta ya taa, takataka Alhamisi, nguo zangu mwenyewe. Zake hakuziandika. Labda hana.

Jumatano, 4 Oktoba.

Nimeunguza wali.

Jumapili, 8 Oktoba. Siku ya 9.

Mwalimu amekuja kututazama. Nimemshitaki Zainab kwake. Nimesema mwanamke aliye edani anashinda dukani na wanaume wanaingia na kutoka.

Zainab alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Mwalimu, umesema nisitoke nyumbani. Duka liko ndani ya nyumba hii hii. Kuna ngazi kumi na nne. Nikizishuka nitakuwa nimetoka?"

Mwalimu akazitazama ngazi kwa muda mrefu. Akasema, "Ngazi ni nyumba."

"Haya, Baba Kulthum," Zainab akasema, "umesikia. Na leo zamu yako kufagia hizo ngazi."

Mwalimu kacheka mpaka kavua miwani. Mimi sikucheka. Kesho tunafunga.

Alhamisi, 12 Oktoba. Siku ya 13.

Zainab hafungi wiki hii. Nimemwona jikoni akila mkate kwa kujificha. Nimekohoa makusudi ajue kwamba nimemwona.

Jumanne, 17 Oktoba. Siku ya 18.

Nimefika skuli nimechelewa dakika ishirini. Kulthum yupo peke yake getini na mwalimu wake. Mwalimu huyo wa skuli amesema maneno mengi, nimeelewa nusu. Nikamuuliza Kulthum kasema nini. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama hachelewi.

Jumamosi, 21 Oktoba. Siku ya 22.

Kwa Suresh kumeingia mgeni, shangazi wa mkewe, jina lake Bhanu, kutoka Jinja. Amekuja na sanduku moja na jozi ya viatu vya wazi. Mumewe hana pasi ya Kiingereza. Serikali ya huku imempokea mke, mume imemkataa, naye sasa yumo kambini Austria pamoja na wengine wasio na nchi. Suresh amempangia mahali pa kulala ghalani kati ya maboksi. Tangu amefika yeye na Zainab wanazungumza Kiswahili mchana kutwa. Nawasikia kupitia sakafuni. Zainab anacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimemchekesha mimi.

Jumatatu, 23 Oktoba.

Baridi. Mafuta ya taa yamepanda bei. Nimesahau takataka.

Ijumaa, 27 Oktoba. Siku ya 28.

Muhiddin wa Wete ananisumbua kazini. Tunakunja mashuka wawili wawili, yeye ncha hii, mimi ncha ile, hakuna pa kukimbilia.

"Bwana eda, umefuturu nini jana?"

"Mayai."

"Juzi?"

"Mayai."

"Masikini! Nani kaachwa hapa, wewe au yeye?"

Nikamwambia nitamrejea nikitaka, neno ni moja tu. Akasema, "Ukimrejea sasa atajua umeshindwa na mayai. Kaza moyo, mwanamume! Ikaribie mwisho, akuombe mwenyewe." Muhiddin hajaoa. Nalijua hilo, na bado nimemsikiliza.

Jumatano, 8 Novemba. Siku ya 40.

Idd. Msimamizi amekataa kunipa ruhusa, kwa hiyo sala nimeikosa. Nimerudi saa nane na nusu. Kulthum amevaa gauni la kijani aliloshonewa na mama yake, sijui ameshona saa ngapi maana cherehani iko chumbani kwangu. Kumbe anashona mimi nikiwa kazini, kabla duka halijafunguliwa. Jikoni kulikuwa na sahani imefunikwa. Biriani. Nimekula nimesimama.

Nimekwenda mpaka mlangoni kwake. Nimesema "Idd njema." Akasema, "Na kwako." Maneno mengine yalikuwa mdomoni, mawili tu: Zainab, nimekurejea. Nikamkumbuka Muhiddin na mayai. Nikarudi kukosha sahani.

Jumatatu, 20 Novemba. Siku ya 52.

Leo naandika mengi.

Kulthum ameamka ana homa na kifua kinakoroma. Ni siku ya mzigo mkubwa dukani, Suresh kaenda sokoni, Zainab hawezi kuacha kaunta. Mimi wiki hii niko zamu ya mchana. Akanipa kadi na kusema, "Mpeleke kwa daktari. Saa tatu wanafungua, fika saa mbili na nusu, vinginevyo utakaa mpaka adhuhuri."

Nimefika saa tatu na robo. Nimekaa mpaka adhuhuri.

Yule bibi wa mezani akaniuliza mtoto kazaliwa tarehe ngapi. Nikasema mwaka sitini na sita. Akauliza mwezi. Nikasema wakati wa baridi. Akanitazama. Daktari naye akauliza dawa gani inamdhuru mtoto huyu, kwa sababu kwenye karatasi kumeandikwa kwamba ipo inayomdhuru, lakini mwandiko hausomeki. Sijui. Ameshalazwa? Sijui. Lini? Sijui. Nilikuwa nimempakata mwanangu mwenyewe kama niliyemwokota njiani. Daktari akasema hathubutu kumwandikia dawa mpaka ajue.

Nikarudi mbio, maili nzima, Kulthum mgongoni. Dukani watu wamejipanga foleni. Zainab hakuacha hata kupima sukari. "Alizaliwa tarehe tisa Januari. Amelazwa mara mbili, ana miezi minane na ana miaka mitatu, wewe ulikuwa zamu ya usiku. Dawa inayomdhuru ni penisilini. Anavimba uso. Nikuandikie?"

"Niandikie."

Akaandika kwenye mfuko wa karatasi wa dukani, akanipa, akamgeukia mteja. Nimerudi kwa daktari na mfuko ule. Kazini nimefika nimechelewa saa mbili, nimekatwa.

Mtoto amelala sasa, anapumua vizuri.

Nilipoandika kwamba huenda Zainab hana kazi nilikuwa mpumbavu. Kazi zake hazikuenea kwenye karatasi ile, ndiyo maana hakuziandika. Miaka minane nimeleta mshahara nikadhani ndio nyumba.

Jumapili, 26 Novemba. Siku ya 58.

Nimemkuta Bhanu kwenye ngazi na barua ya mumewe. Nikampa pole. Nikamuuliza atafika lini.

"Nani najua? Serikali nasema ngoja. Kila siku ngoja." Akaikunja barua. "Bwana yangu iko mbali, mipaka tatu, bahari moja. Wewe bibi yako iko mlango ya pili. Wewe nani nakataza, Matar?"

Suresh aliyekuwa chini akamwita kwa Kigujarati, kwa ukali. Kisha akaniambia, "Samahani, Bwana Matar. Hapa kwetu sisi hapana ingia maneno ya nyumba ya mtu."

Lakini Bhanu hakuomba samahani.

Nimekata shauri. Nitamrejea Zainab, na sitangoja aombe. Ila sitaki kumrejea kwenye chumba hiki chenye ukungu ukutani. Kenton kuna Mhindi wa Nakuru ana vyumba viwili na jiko, madirisha makubwa, vitakuwa tupu tarehe 23 Desemba. Kwanza vyumba, halafu neno. Nitamweka ufunguo mkononi ndipo niseme. Na liwe mbele ya mashahidi, Mwalimu na Muhiddin, kwa sababu talaka niliitoa mbele ya watu. Tarehe 24 ni Jumapili, wote wana nafasi. Itakuwa siku ya 86. Muda upo.

Jumamosi, 2 Desemba. Siku ya 64.

Kazi ya ziada, ndiyo ya kulipia vyumba. Nilitaka kwenda Tooting kumweleza Mwalimu, nimeshindwa. Nimempigia simu nyumbani kwake, mkewe kasema yuko matangani. Nimemwachia ujumbe kwamba namwomba Jumapili ya tarehe 24.

Jumanne, 5 Desemba. Siku ya 67.

Jioni Zainab kagonga mlango wa chumba changu. Hajawahi kugonga tangu Septemba. Nilikuwa nashona kifungo. Alisimama nje, mlango wazi, Kulthum amemshika gauni.

Akasema, "Baba Kulthum, huna la kuniambia?"

 Nikawaza ufunguo, siku kumi na nane tu. Nikawaza uso wake atakapouona.

Nikasema, "Mafuta ya taa yamekwisha. Nitanunua kesho."

Akangoja kidogo. Akasema, "Haya."

Nimefurahi kwamba nimeweza kuficha.

Alhamisi, 7 Desemba.

Mvua. Mashuka mengi.

Ijumaa, 15 Desemba. Siku ya 77.

Vyumba nimevipata, nimelipa mwezi mmoja. Muhiddin kanicheka, halafu akasema atanisaidia kubeba kitanda.

Jumatatu, 25 Desemba 1972

Kiwanda kimefungwa, hakuna basi wala treni, barabara nyeupe kwa umande ulioganda. Nimepata wakati wa kuandika ya jana. Nisipoyaandika leo nitaanza kuyageuza.

Mwalimu kafika saa tano na kofia ya kufumwa, Muhiddin kaja na keki ya sanduku. Tumekaa jikoni. Nimemwita Zainab. Kaja akasimama mlangoni kama siku ile ya ngazi, Bhanu nyuma yake. Nimenyanyuka. Nilikuwa nimevaa koti. Nikaweka ufunguo mezani na kusema, "Zainab, mashahidi hawa. Nimekurejea katika ndoa yangu."

 Zainab aliutazama ufunguo, siyo mimi.

"Baba Kulthum," akasema, "eda yangu imekwisha."

Nikamwambia bado, leo ni siku ya themanini na sita. Nikaleta daftari hili. Nikamwonyesha Mwalimu nilivyoandika, siku kwa siku.

Mwalimu kavua miwani. "Nani kakwambia siku tisini?"

"Si ni miezi mitatu?"

"Miezi mitatu ni ya mwanamke aliyekoma damu, Matar. Au ambaye hajaanza. Mkeo anaona mwezi. Huyo huhesabu tuhuru, zile nyakati anapokuwa safi. Ulimwacha akiwa safi, hiyo ya kwanza. Kaingia hedhini, katoka, ya pili. Kaingia, katoka, ya tatu. Alipoingia mara ya tatu imekwisha." Kisha akamgeukia, bila kumtazama usoni. "Lini, binti yangu?"

"Alhamisi ya tarehe saba. Asubuhi, kabla sijafungua duka."

Nikasema, "Anaweza kusema uongo."

Sijui kwa nini nilisema. Muhiddin alitazama keki yake.

"Anaweza," Mwalimu akasema. "Na wewe pia. Lakini hesabu hiyo haiko kwenye daftari lako, iko mwilini mwake. Neno ni lake. Nilikuuliza siku ya kwanza, unaijua eda? Ukaniambia naijua."

Nikamwambia Zainab, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja mlangoni kwako nikakuuliza. Zilikuwa zimebaki siku mbili." Sauti yake haikupanda. "Nilikwisha kusema moyoni, akinirejea, basi, Mungu ndiye aliyetaka. Sikuwa na la kufanya. Asiponirejea, basi. Ukanambia mafuta ya taa."

"Nilikuwa nakutafutia nyumba!"

"Sikuwa na habari."

Nikasema mbele yao, nakuposa upya, taja mahari yoyote. Akasema hataki. Sio kwa hasira. Kama mtu anayeambiwa aongezwe chai. "Siku zote hizi uliniacha nihesabu peke yangu. Nilivyozoea sasa, nimezoea. Ninachotaka ni karatasi. Uandike kwa mkono wako kwamba umeniacha na eda imekwisha, Mwalimu atie saini. Mke wake amenipa chumba Tooting. Sitaki watu wakiniuliza mimi nani niwe sina cha kuwaonyesha."

Nikachukua ufunguo wangu. Nikasema siandiki kitu.

Alhamisi, 28 Desemba.

Siku ya tisini.

Jumapili, 31 Desemba

Nimekwenda Tooting kumuuliza Mwalimu kama kuna njia. Amesema hakuna. Nikamuuliza, nisipoandika? Akasema, "Usipoandika utakuwa umemwacha bila kumwachia. Atakaa hivyo, machoni pa watu hajaolewa na hajaachwa, mpaka mmoja wenu afe. Wapo waliofanya hivyo, nawajua. Mmoja nilimzika mwaka jana, na yule mwanamke hakuja kuuliza hata kaburi liko wapi."

Njiani nimekaa kwenye treni nikapitiliza kituo.

Kusema kweli nimefikiria kumkatalia. Wiki nzima nimeifikiria kila ninapoamka. Ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho bado anakitaka kwangu.

Jumatano, 3 Januari 1973

Vyumba vya Kenton nimevirudisha. Mhindi wa Nakuru karudisha nusu, nami sikubishana.

Jumamosi, 6 Januari

Kulthum amenisaidia kufagia ngazi. Nimemuuliza kwa Kiswahili kama anataka kwenda Tooting. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwani mimi nitajua kuja huko peke yangu? Nikasema najua treni. Akanifundisha mahali pa kubadilisha, nami nikamsikiliza mpaka mwisho ingawa nimeshapita mara ishirini.

Jumatatu, 8 Januari

Nimetoka kazini saa nane. Sikupanda juu. Nimeingia dukani na nguo za kazi, nimeomba karatasi kwa Suresh. Kanipa karatasi safi na kalamu, kisha kaenda ghalani kuhesabu makopo ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa.

Nimeandika juu ya kaunta. Zainab alikuwa akipimia watu. Niliandika kwamba mimi Matar nimemwacha mke wangu Zainab talaka moja tarehe 30 Septemba, na eda yake imekwisha tarehe 7 Desemba, sina haki juu yake. Nimempa.

Kasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Nyuma yangu kulikuwa na bibi mmoja wa Kihindi na mfuko wake, anangoja.

"Hapa umeandika mke wangu," Zainab akasema.

"Ndivyo ulivyokuwa."

"Watakaosoma watasoma leo. Andika upya."

Suresh alileta karatasi nyingine bila kuitwa. Nikaandika tena. Badala ya maneno yale mawili nikaandika Zainab binti Msabaha. Jina la baba yake sikuwahi kuliandika, nilisimama katikati nikiangalia kama nimeliweka sawa. Mkono wangu mzito, ngozi imechanika kwa sabuni, mstari ulipanda juu.

Kasoma tena. Kaikunja mara mbili, kaitia kifuani.

"Hii sawa," akasema. "Jumapili Mwalimu atatia saini. Kulthum utamwona kila Jumapili, njoo kabla ya adhuhuri." Akavuta mizani karibu. "Sogea kidogo, Bwana Matar, huyu mama anangoja siku nyingi."

Nikasogea.

"Enhe, mama," akamwambia yule bibi, "dengu ratili ngapi?"